Mwaka wa Blanketi la Kijani

Byarugaba alikuja Jumatano, kabla ya adhuhuri, kuniambia kwamba mama yake amefariki. Alitoka Nyakatuntu kwa baiskeli, suruali imelowa matope hadi magotini, akaniamkia shikamoo akiwa bado mlangoni, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu. Nilijua kabla hajakaa. Mtu hapandi vilima vyote vile wakati wa masika kuja kumsalimu ajuza. Nilimwuliza wamezika lini, akasema juzi, nami nikamgombeza: mmemzika Kokubanza bila mimi? Akasema, "Mvua ilikuwa kubwa, mama mdogo. Njia ilikatika." Nikamwambia njia zilikatika kila mwaka tulipokuwa wasichana na hatukuacha kuzikana. Akanywa chai, kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Mama alikuwa akisema wewe ndiye uliyenivika nguo yangu ya kwanza. Nikimwuliza zaidi, ananiambia nikuulize mwenyewe." Nilimjibu kwamba habari hiyo ni ndefu na chai yake inapoa. Hiyo ilikuwa namna ya kumfukuza, naye alielewa. Nikamfungia ndizi mbivu na kahawa ya kutafuna njiani, akaenda zake. Tangu siku hiyo sina raha. Na kwa kuwa masista walinifundisha kuandika kabla hawajanifundisha kufuma, nimeona heri niandike, naye akitaka atasoma.

Nazungumzia mwaka ule wa vita, Wajerumani walipokuwa bado upande huu na Waingereza wako ng'ambo ya mto. Habari za wazazi wangu wa Ihembe, na jinsi msichana wa masista alivyoishia kuolewa na Mwislamu mwenye duka, wengi walizisema wakati huo na walizisema vibaya, nawaachia wao. Mimi naanza pale nilipokuwa tayari mke wa Saidi, nina mimba ya kwanza, nakaa Kiruruma katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Tausi. Ilikuwa nyumba ndefu ya udongo, yenye baraza mbele, na majirani wote walituzunguka kwa misonge yao ya nyasi. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha Bi Tausi, chenye kitanda cha kamba na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, na ufunguo wa sanduku lile aliuvaa shingoni hata akioga. Changu na Saidi kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko, na moshi ulikuwa unapita kwangu kwanza kabla ya kutoka nje. Bi Tausi alizaliwa Tabora na watu wa pwani, na hakuacha mtu yeyote asahau. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi. Siku ya kwanza kunipikia chakula alinitazama nikila akasema, "Masista wamekufundisha kukaa mezani, sasa mimi nitakufundisha kukaa mkekani." Nilimwogopa na nilimchukia kidogo, na yeye nadhani alinionea huruma kidogo na kunidharau kidogo, kwa hiyo tulikaa vizuri.

Saidi alirudi kutoka safari yake ya mwisho ya Bukoba mikono mitupu. Hakukuwa na nguo mjini, hakukuwa na chumvi, na kilichokuwepo kilikuwa cha jeshi. Alichopata ni sweta moja ya sufu, ya kijani, kubwa, iliyotoboka viwikoni, aliyoipata kwa mtumishi wa Mzungu mmoja kwa kubadilishana na chumvi yake ya akiba. Aliitoa kwenye mzigo akacheka. "Mimi haitanikaa, mama haivai. Lakini wewe si ulisema unajua kuifumua na kuifuma upya?" Nilikuwa nimesema hivyo, kwa majivuno, siku moja tukiwa tumelala. Kesho yake alivunja mwavuli mbovu uliokuwa juu ya dari, akatoa mbavu mbili za chuma, akakaa barazani akizisugua juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini, huku watu wakipita na kumuuliza kama sasa amekuwa mhunzi. Hizo ndizo zilizokuwa sindano zangu za kufumia. Nimefuma kwa sindano nzuri za dukani baada ya hapo, na hakuna zilizonitii kama zile.

Nilifumua sweta nzima, nikalowesha uzi, nikauzungushia miguu ya kigoda ukauka ukiwa umenyooka. Nilijua uzi hautoshi blanketi kubwa, lakini sikujua utatosha la ukubwa gani. Kwa hali kama hiyo kuna ufumaji mmoja ambao sista aliyetufundisha aliuita wa watu maskini. Huanzi upande mmoja kwenda wa pili kama mkeka. Unaanzia pembeni, kwenye kona, kwa vitanzi vitatu tu juu ya sindano, na kila safu unaongeza kitanzi kimoja, kwa hiyo kazi inapanuka kwa umbo la pembe tatu. Uzi ukifika nusu unaanza kupunguza, kitanzi kimoja kila safu, mpaka unarudi kwenye vitanzi vitatu vya kona ya pili, unavifunga, umemaliza. Hata uzi uwe mchache kiasi gani, utapata kitu chenye pembe nne. Niligawa uzi wangu kwenye mizani ya duka, bonge huku na bonge huku, mpaka sahani zikalingana. Mizani ile haikuwa na kitu kingine cha kupima siku hizo.

Bi Tausi aliponiona nikianza alisimama mlangoni kwa muda mrefu. "Usikate kanzu, mwana hajazaliwa," alisema. Nikamjibu, "Mama, hii si kanzu." "Ina tofauti gani? Unamwandalia mgeni kitanda wakati hajasema anakuja. Unamwita nani?" Kwake halikuwa neno la mchezo. Alikuwa amezaa mara nyingi na Saidi peke yake ndiye aliyekua. Tulibishana kwa siku kadhaa, kwa adabu upande wangu na bila adabu upande wake, na mwisho Saidi alitupatanisha kwa sharti ambalo mpaka leo sijalisikia kwa watu wengine. Nifume, lakini nisifunge. Vitanzi vya mwisho vibaki juu ya sindano mpaka mtoto azaliwe na alie, watu wasikie. Kitu kisichofungwa, alisema Bi Tausi, hakijawa nguo, na hakina mwenyewe. Na kazi ile ilale dukani, isilale chumbani kwangu. Nilikubali. Nilicheka moyoni, kwa sababu nilikuwa na miaka michache na sikuwa nimemzika mtu.

Nguo zetu zilichukuliwa kwanza. Walikuja askari pamoja na watu wa mtawala, wakabeba majora ya marekani na kaniki yaliyokuwa yamebaki, wakasema ni ya majeruhi. Bi Tausi aliwafuata mpaka barabarani akiwataja mama zao. Wiki chache baadaye walirudi kwa ajili ya wanaume. Saidi alikuwa amekaa barazani. Aliwaambia yeye ni mfanyabiashara, si mkulima wala mtumwa wa mtu. Askari mmoja, Msukuma kwa lafudhi yake, alimwuliza bila hasira, "Bwana, una mabega?" Saidi alijitazama mabega. "Basi simama." Walimchukua na mume wa jirani yetu Kokubanza na vijana wote wa mtaa ule, kubeba mizigo ya jeshi kwenda mtoni. Aliondoka na shuka moja. Alinishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia, "Mfunike mwanangu, Zaina. Huku kuna baridi." Maneno hayo ndiyo niliyobaki nayo. Watu wengine walipewa mashamba na ng'ombe wa kutunza, mimi nilipewa hayo, na mwaka mzima nilikuwa na kazi hiyo moja tu.

Baada ya hapo nyumba ilibaki na wanawake wawili, na maduka mengine ya Waislamu pale mtaani yalibaki na wazee. Tulikula ndizi. Jeshi lilikuwa limekata mikungu mizuri, tukaachiwa michanga, tukaipika na kiganja cha maharagwe bila chumvi. Bi Tausi, ambaye zamani alisema ndizi ya kupika si chakula bali ni mboga iliyokosa wali, alizila akiwa amefumba macho. Alinipa maharagwe yake. Hakusema ananipa, aliyasukuma upande wangu wa sinia na kulalamika kwamba yanamjaza tumbo upepo. Mchana nilikaa dukani nyuma ya mlango wa mbao nikifuma, na nje, barazani, wazee walikuja kukaa kama zamani ingawa hakukuwa na kahawa ya kupikwa. Hawakujua niko pale, au walijua na kusahau. Nilisikia kwamba kule mtoni watu hawafi kwa bunduki, wanakufa kwa kuhara. Nilisikia kwamba mpagazi akianguka, mzigo unachukuliwa na yeye anaachwa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye nyonga mbovu ambayo ndiyo iliyomwokoa asichukuliwe, alisema, "Wanaokufa huko hawazikwi," na mwingine akamjibu, "Wanafunikwa kwa majani, na hayo ni mazishi." Niliendelea kuongeza kitanzi kila safu. Sikulia, maana kulia kungewafanya waondoke, na mimi nilitaka kusikia kama kuna atakayelitaja jina la Saidi.

Kokubanza ndiye aliyekuja kutoka nje na kunifanya nicheke. Alinizidi umri kidogo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na yeye pia alikuwa na mimba, ya pili, changa kuliko yangu. Aliniita muka Saidi, yaani mke wa Saidi, kwa Kinyambo, na alipoona blanketi langu la pembe tatu aliligeuza huku na huku. "Hii utamvika mtoto au utamchekecha?" Kwao mtoto alifungwa kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, au kwa rubugo, nguo ile ya gome la mti wa mtoma linalopondwa mpaka linakuwa laini, na hakuona kwa nini mtu ahangaike na vitanzi. Lakini alikaa kutwa akitazama vidole vyangu. Kumbe alikuwa anajifunza, na hakutaka nijue.

Uchungu ulinishika mapema mno. Ilikuwa asubuhi, masika, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa nimefika katikati ya kazi: bonge la kwanza limekwisha, pembe tatu imefika upana wake wote, bonge la pili halijaguswa. Bi Tausi alimtuma mtoto wa jirani kumwita Kokubanza. Sitaeleza kuzaa, waliozaa wanajua na wasiozaa haiwasaidii. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mdogo kiasi kwamba Kokubanza alimshika kwa kiganja kimoja, na alikuwa akipumua. Lakini hakulia. Alitoa sauti ndogo, ya paka mchanga, kisha akanyamaza, na sote watatu tukabaki tukimsikiliza. Hakukuwa na mwanamume nyumbani wa kumwadhinia. Bi Tausi alimchukua, akatugeuzia mgongo, akamwekea midomo sikioni akasoma adhana mwenyewe, kwa kunong'ona. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Lete hiyo kazi ya sufu," alisema Kokubanza. Bi Tausi akasema hajalia bado. Kokubanza akamgeukia, na mimi nilidhani atamtukana, lakini alisema kwa upole ambao sikuuzoea, "Mama, mimi sina dini yenu. Huyu ana baridi." Bi Tausi akatazama chini. "Mvisheni. Lakini msifunge." Basi Kokubanza alichana ukambaa wa mgomba, akaupitisha kwenye vitanzi vyote kimoja baada ya kingine, akachomoa sindano yangu bila kupoteza hata kitanzi. Hapo ndipo nilipojua alikuwa amejifunza. Akamfunga mwanangu kwenye rubugo aliyokuja nayo, juu yake ile pembe tatu ya kijani, ukingo wake umeshikwa na kamba ya mgomba, akaniwekea kifuani ngozi kwa ngozi.

Siku zile tulifanya kazi moja. Nikichoka nilimkabidhi Kokubanza, Kokubanza akimkumbuka mwanawe mkubwa nyumbani alimkabidhi Bi Tausi, naye Bi Tausi, ambaye hakuwahi kukaa jikoni kwetu zaidi ya dakika ya kukosoa, alikaa karibu na mafiga ameufungua mwili wake mkavu na mtoto amelala juu ya mifupa ya kifua chake. Tulimdondoshea maziwa yangu kwa pamba. Aliyameza mengine, mengine yalirudi. Kila asubuhi Bi Tausi aliniambia, "Atapona, mwanangu," na kila asubuhi mimi nilimwamini, kwa sababu mwanamke yule hakuwa na desturi ya kusema jambo la kumfurahisha mtu. Kanga zetu zilikuwa mbichi, mvua haikuacha kitu kikauke. Rubugo ilishika unyevu ikawa ngumu. Sufu peke yake ndiyo iliyobaki na joto, na ilikuwa nusu. Ikifunika kichwa, miguu iko wazi. Nilitaka kukaa nifume ile nusu ya pili, lakini kufuma kulitaka nimvue, na hatukuthubutu kumvua. Nilimwuliza Bi Tausi, "Mama, hakuna kipande cha nguo popote? Hata cha kiganja?" Akasema, "Hakuna."

Alikufa asubuhi, juu yangu. Nilikuwa macho. Alivuta pumzi, nikasubiri nyingine, nikasubiri. Bi Tausi alikuja, akamgusa, akaenda chumbani kwake, nami nikasikia ufunguo. Aliporudi alikuwa amebeba bafta nyeupe, mpya, imekunjwa, inanuka kafuri. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua miaka mingi nyuma, akaitia kafuri, akaiweka sandukuni ikimsubiri yeye, kama wanawake wa kwao wanavyofanya ili wasimwachie mtu mzigo wa kuwasitiri. Aliitandaza juu ya kitanda changu akaanza kuikata. Ilikuwa kubwa sana. Ingemfunika mwanangu mara kumi. Nilimwambia, na sikumwita mama, "Kwa nini hukuitoa jana?" Mkasi ukasimama. "Jana alikuwa hai," alisema. "Sanda haivishwi aliye hai. Ningekuwa namwita mauti." Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mahali atakaposoma Byarugaba. Aliendelea kukata, polepole, akifuata uzi wa nguo ili isipinde.

Leo nina umri aliokuwa nao yeye siku ile, labda nimempita. Najua kwamba mtoto wa namna ile, hata angefungwa kwa mablanketi yote ya Bukoba, asingebaki. Wakunga wa hospitali wameniambia hivyo na ninawaamini. Najua pia kwamba aliyekata sanda yake kwa ajili ya mwingine, katika mwaka usio na nguo, alijua anachokipoteza. Hayo yote nayajua, na bado nikiiona bafta nyeupe dukani napita nikitazama kando. Mwalimu mwenye nyonga mbovu alikuja kumsalia, wazee wawili wakachimba nyuma ya nyumba kwenye migomba, kaburi fupi, na mvua ililijaza maji kabla hawajamaliza. Sikuruhusiwa kutoka. Nilisikia majembe nikiwa chumbani.

Kokubanza alijifungua mavuno yalipokuwa karibu, mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye kelele. Aliletwa kwetu akiwa amefungwa kwa ngozi ya mbuzi. Ile nusu yangu ya kijani ilikuwa imefuliwa na imekaa dukani kwenye rafu tupu, bado na kamba yake ya mgomba. Kokubanza aliitazama, akanitazama. "Muka Saidi, kuna baridi," alisema. Nilimwuliza kama haogopi, maana watu walishaanza kusema kwamba kazi ile ina mkosi. "Ugonjwa haukuwa kwenye uzi," alijibu. "Na mwenye njaa hana miiko. Ukikataa sitakasirika." Nilimgeukia Bi Tausi nikitarajia akatae yeye, ili nisiwe mimi. Alikuwa anachambua mchele wa mwisho wa mtu aliyetupa sadaka. Bila kuinua uso alisema, "Kisichofungwa hakina mwenyewe. Mwenyewe ni atakayefungiwa."

Kwa hiyo nilirudisha vitanzi kwenye ubavu wa mwavuli, nikafuma nusu ya pili. Katika kupunguza, safu huwa fupi kila mara, na kazi inakwenda upesi kuliko unavyotaka. Nilikuwa nafumua makusudi safu nilizokwisha kuzifuma, nikazifuma tena. Kokubanza aliona na hakunihimiza. Siku niliyofunga vitanzi vitatu vya mwisho mtoto wake alikuwa analia kwa sauti ya kuvunja dari, na Bi Tausi akasema, "Haya, huyu amelia." Tukamfunika. Byarugaba, mwanangu, ndivyo ulivyovikwa. Nililia sana siku ile na mama yako alilia nami, na wewe uliendelea kupiga kelele.

Kisha Wajerumani waliondoka, siku moja tu, wakapita na wengine wakaja wakisema wao ndio serikali, na wanaume wakaanza kurudi, mmoja leo, mwingine baada ya wiki. Mume wa Kokubanza hakurudi. Saidi alirudi alasiri. Njia ya kutoka mtoni inapita mbele ya msonge wa Kokubanza, na Kokubanza alikuwa nje anaanika maharagwe, mtoto amelala kwenye jamvi kando yake. Saidi aliiona sufu. Ni yeye aliyeibeba sweta ile kutoka Bukoba, angeijua popote. Hakusalimu, hakuuliza. Aliinama akamnyanyua mtoto na blanketi lake, akamtazama usoni, akacheka, akaanza kutembea kuja nyumbani.

Mimi nilikuwa barazani. Nilimwona anakuja, mwembamba, ameinama upande mmoja, bega lake la kulia lina kovu jeusi la mzigo, na mikononi amebeba mtoto. Nyuma yake alikuja Kokubanza, mikono kichwani. Yule mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe alishindwa kumwambia. Saidi alifika, akaketi kwenye ngazi, akasema, "Zaina. Ulimfunika." Alikuwa anatabasamu, na meno yake mawili ya mbele hayakuwepo. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote kwa habari za kifo chake yeye. Si kwa hili. Nilimwambia, "Si wetu." Hakuelewa. Nikarudia, "Huyo ni wa Kokubanza. Si wetu, Saidi." Alimtazama tena mtoto, akakunjua kona ya blanketi, akaikunja tena vizuri. Kokubanza akaja akampokea mwanawe polepole, akakaa chini pale pale mbele ya baraza.

"Wetu yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, nyuma ya nyumba. Kisha akauliza, "Mlimwita nani?" Nikasema hakuitwa, hakufika siku ya saba ya kupewa jina. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo kiasi kwamba nililisema kama mtu anayesema hakuna chumvi.

"Ana jina," alisema Bi Tausi. Alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, na hakuwa amemsalimu hata mwanawe. "Anaitwa Mbaraka. Nilimpa siku ile ile, nilipomwadhinia. Nilimtazama nikajua hatafika siku ya saba, nikaona asiende bila jina."

Nilisimama. Nilimwuliza, "Ulijua tangu siku ile? Kila asubuhi uliniambia atapona." Akasema, "Ungefanya nini na ukweli, na ulikuwa na maziwa ya kumpa?" Nikamwuliza, "Na baadaye? Miezi yote hii? Mimi ndiye mama yake." Bi Tausi alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile niliona uso wake umeshindwa. "Niliogopa," alisema. "Ukilijua jina, utamwita. Mimi niliwaita wangu mpaka nikakaribia kurukwa na akili. Nikasema, usipomjua kwa jina utamsahau mapema."

Nilipita jikoni, nikatoka nyuma, nikaenda mpaka kwenye migomba, nikasimama pale. Nikamwita Mbaraka. Sikumwita kwa kunong'ona. Nilimwita kama unavyomwita mtoto wako chakula kikiwa tayari na yeye hataki kuja, nikamwita tena na tena, na nyumbani watu wote watatu waliniacha niite mpaka sauti iliponiisha.